Jinsi ya kuchagua gambuti za kuwindia kusini zisizokuumiza wala kupasuka mapema

Gambuti nyingi zinazopangwa kwenye maduka ya Mtwara, Masasi na Lindi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayefanya kazi akiwa amesimama: anayemwaga zege, anayeosha magari, anayesafisha banda la ng'ombe. Mwindaji hasimami. Anatoka alfajiri nyasi zikiwa na umande, anafuata nyayo za nyati au pofu mpaka jua linakuwa utosini, na hapo bado ana safari ya kurudi kambini. Buti lililo zuri kwa zege linaweza kumtoa malengelenge kabla ya saa nne asubuhi.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia rangi, jina la kampuni au unene wa soli, angalia sehemu mbili: kisigino, na ule mkunjo ulio mbele ya kifundo cha mguu. Kisigino ndicho kinachoamua kama utatembea kwa raha. Mkunjo ndio unaoamua gambuti zitakaa miezi mingapi au miaka mingapi. Haya mengine nitayaeleza, lakini ukisahau yote kumbuka hizo mbili.

Naandika kwa mwindaji mwenye leseni, na kwa askari wanyamapori wa vijiji, ambao kwa kweli hutembea kuliko mwindaji yeyote na mara nyingi hupewa gambuti bila kuulizwa saizi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa kila uwindaji, na kwenye mapori ya akiba wa kuwaendea ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Ukiwa Liwale kumbuka pia kwamba Hifadhi ya Taifa Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, hairuhusu uwindaji kabisa, hata kama babu yako aliwinda humo.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli unahitaji gambuti

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Kuanzia Juni kusi linavuma, ardhi inakauka, majani ya miombo yanaanza kudondoka. Kutembea na gambuti mwezi wa Septemba kwenye miombo ya Nachingwea ni kujitesa bure: jasho halina pa kutokea, mguu unalowa kutokea ndani, na ngozi iliyolowa ndiyo inayochubuka. Kipindi hicho vaa buti la ngozi au la turubai.

Uwanda wa Makonde nao una habari yake. Newala na Tandahimba juu kule ni mchanga, maji hayatuami, na mchanga ukiingia kwenye gambuti hautoki mpaka uvue. Mtu wa Newala atazihitaji siku anayoteremka bonde la Ruvuma.

Zinapohitajika, zinahitajika kwelikweli. Mbuga za udongo mweusi baada ya mvua za kwanza. Kingo za Ruvuma kule Kitaya na Mahurunga, pembezoni mwa mashamba ya mpunga. Mabonde ya Matandu na Mbwemkuru. Vijito vya Pori la Akiba Lukwika-Lumesule kule Nanyumbu mvua zikishaanza. Na nyasi ndefu za asubuhi, ambazo zitakulowesha mpaka magotini hata kama wiki nzima haikunyesha. Maji yaliyotuama ukanda wetu yana kichocho pia, na kila hatua unayoiweka kwenye dimbwi mguu ukiwa mkavu ni hatua ambayo mdudu wake hajapata ngozi ya kupenya.

Kwa mwindaji kuna faida nyingine ambayo wazee waliozoea ngozi huwa hawaifikirii: ngozi hunyonya jasho na kubaki na harufu, mpira hauhifadhi harufu ya mtu kwa kiasi hicho na unaoshwa kwa maji tu. Mnyama anayekusikia kwa pua kabla ya macho, kama nguruwe pori au tandala, tofauti hiyo anaijua.

Hatua ya pili: jua umeshika mpira au umeshika plastiki

Sokoni zote zinaitwa gambuti, zote zinaitwa za mpira. Ukweli ni kwamba nyingi ni PVC, plastiki ya jamii moja na mabomba ya maji, iliyolainishwa kwa kemikali na kumwagwa kwenye kalibu. Si mbaya. Ni rahisi, inavumilia damu, mafuta ya nyama na dizeli kuliko mpira wa asili. Lakini ile kemikali ya kulainisha hutoka polepole kadiri miaka inavyokwenda, na jua letu linaiharakisha. Buti lililokuwa laini dukani linakuwa gumu, halafu siku moja linapasuka palepale kwenye mkunjo.

Mpira wa asili hutokana na utomvu, hukatwa vipande, vikabandikwa juu ya kalibu ya mguu, kisha vikapikwa pamoja na salfa ili vishikane na kukomaa. Salfa hiyo ni jamii moja na ule unga wa njano ambao mkulima wa korosho anapuliza juu ya mikorosho kupambana na ubwiriunga. Aliyesajili ugunduzi wa kupika mpira na salfa huko Marekani, mwaka 1844, ni Charles Goodyear. Mwaka 1853 Mmarekani mwenzake, Hiram Hutchinson, alifungua kiwanda Ufaransa na kuanza kuwauzia wakulima mabuti ya mpira. Njia ya kutengeneza mabuti mazuri bado inafanana sana na ile.

Namna ya kutofautisha ukiwa umesimama dukani:

Nusa ndani. Mpira wa asili unanukia kama tyubu mpya ya baiskeli. PVC ina harufu kali ya plastiki, kama pazia jipya la bafuni.

Tafuta mshono wa kalibu. PVC huwa na mstari mwembamba ulioinuka, unaopanda mbele na nyuma ya buti kutoka soli mpaka juu. Mpira uliobandikwa kwa mkono hauna mstari huo. Utaona badala yake vipande vya nyongeza vilivyolaliana kwenye vidole, kisigino na kifundo.

Kunja shingo ya buti kwa vidole viwili, ibane, uhesabu polepole mpaka kumi, uachie. Mpira wa asili unarudi bila kovu. PVC ya bei ya chini itabaki na mstari mweupe pale ulipokunja. Mstari huo mweupe ni plastiki iliyokwisha kuumia, na hapo bado hujalipa.

Ukikuta gambuti ya mpira ina vumbi jeupe juu yake, usiikatae kwa hilo. Nta na salfa hupanda juu ya mpira zikikaa stoo. Futa kwa kitambaa chenye maji, rangi itarudi.

Kuna aina nyingine mbili utakazokutana nazo mara chache. Ya kwanza ni EVA, povu lilelile linalotengenezewa ndala na makubazi mepesi. Gambuti ya EVA ni nyepesi ajabu na inafaa sana kwa anayekaa kwenye mtumbwi au kwenye maficho akisubiri bata, lakini mwiba mmoja wa mgunga unaingia bila kupiga hodi. Ya pili ni neoprini, ile inayofanana na nguo ya wapiga mbizi, ambayo wawindaji wa Ulaya na Marekani wanaisifu sana. Wanaisifu kwa sababu kwao kuna theluji. Neoprini imewekwa pale kutunza joto, na joto la Lindi halihitaji kutunzwa. Mgeni wako akikuletea zawadi, pokea kwa moyo mkunjufu, halafu zitumie asubuhi za Julai kule Liwale, basi.

Ushauri wangu: ukipata mpira wa asili kwa bei unayoimudu, chukua huo kwa ajili ya kutembea. PVC nzuri ichukue kama kazi yako ni fupi fupi, au kama utachuna na kukatakata nyama ukiwa umezivaa. Iko sababu nyingine ya kupenda mpira wa asili, nayo ni kiraka, nitaifikia.

Hatua ya tatu: pima mguu nyumbani, jioni

Ngozi hutanuka na kuufuata mguu. Mpira haufanyi hivyo. Gambuti inayobana dukani itabana siku ya kwanza, mwezi wa sita na siku utakayoitupa. Kwa hiyo usikubali kauli ya "itaachia tu ukiivaa."

Pima jioni, baada ya siku ya kazi, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda na porini utavimba zaidi. Simama juu ya karatasi ukiwa umevaa soksi utakazotumia porini, mgongo wa kisigino ukigusa ukuta. Weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa wengine si kidole gumba bali cha pili. Pima kutoka ukutani hadi kwenye alama kwa rula. Fanya miguu yote miwili, na ushike ule mrefu.

Namba za Ulaya, zile za 40, 41, 42, zina hesabu rahisi. Chukua urefu wa mguu kwa sentimita, ongeza moja na nusu ya nafasi ya vidole, zidisha kwa moja na nusu. Mguu wa sentimita 26.5 unakupa 28, ukizidisha unapata 42. Mguu wa sentimita 26 unakupa 41 na kidogo, basi jaribu 41 na 42. Gambuti zenye namba za Kiingereza, namba 8 huwa ni karibu na 42. Viwanda hupishana, kwa hiyo hesabu hii inakufikisha kwenye rafu iliyo sahihi tu. Mengine mguu wenyewe utasema.

Hatua ya nne: kisigino

Hapa ndipo ninapoomba usione haya. Mwambie muuzaji: "Kaka, naomba nivae zote mbili, halafu nitembee kidogo." Wengi watakupa moja, uchomeke mguu ukiwa umekaa kwenye stuli, uambiwe imekukaa. Mguu uliokaa kwenye stuli haujui lolote.

Vaa zote mbili na soksi zako. Kwanza sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja cha mkono. Kikiingia kwa shida, buti ni dogo. Vikiingia viwili, ni kubwa. Kisha rudisha kisigino nyuma na utembee hatua ndefu. Kisigino kitainuka kidogo ndani, hilo halikwepeki kwa buti lisilo na kamba. Kikiinuka zaidi ya sentimita moja hivi, lirudishe rafuni. Msuguano huo mdogo, ukirudiwa kila hatua kwa kilomita kumi au kumi na tano, ndio unaovua ngozi.

Na kwenye udongo mweusi wa mbuga kuna jaribio gumu zaidi. Udongo ule hushika soli na kuvuta. Kama kisigino hakijashikwa, mguu unatoka na buti linabaki. Dukani hakuna tope, lakini unaweza kumwomba mwenzako akanyage ncha ya buti lako kwa nguvu, nawe uvute mguu kama unayetaka kupiga hatua. Mguu ukichomoka kirahisi, umepata jibu lako.

Gambuti nzuri za kutembea huwa zimebanwa kwenye kifundo: ukizitazama kwa ubavu utaona zinaingia ndani kidogo juu ya kisigino kabla ya kupanuka tena kwenye shavu la mguu. Zile zilizonyooka kama bomba kutoka chini mpaka juu ni za kusimama. Nyingine zina mkanda wenye bizimu pembeni ya shingo. Mkanda ulio juu kabisa unazuia nyasi na wadudu, hausaidii kisigino. Wa kukusaidia ni ule ulio karibu na kifundo, na wenye huo ni wachache.

Ukiwa bado unatembea dukani, sikiliza. Shingo pana ikiugonga muundi na shavu la mguu inatoa sauti, kwapu, kwapu, kwapu. Dukani redio inaifunika. Porini, upepo ukiwa umetulia, mnyama anaisikia mbali kuliko unavyodhani, na kwa swala sauti yenye mapigo sawa ni sauti ya mtu. Kwa hiyo shingo iwe na nafasi ya kuingiza suruali, isizidi hapo.

Neno kwa aliyevimba mguu kwa matende, ugonjwa ambao pwani yetu unaujua: usijibane kwenye gambuti nyembamba kwa kuogopa kuuliza. Zipo zenye shingo pana za mafundi, na msuguano kwenye mguu ule ni hatari kuliko sauti ya shingo.

Hatua ya tano: mkunjo

Ukiwa umevaa, chuchumaa mpaka chini, kama unayechunguza nyayo. Tazama mbele ya kifundo. Buti lolote litajikunja hapo. Unachotaka kuona ni mikunjo miwili mitatu ya mviringo, laini. Ukiona kunjo moja kali iliyochongoka, kama pembe ya karatasi, hapo ndipo litakapopasukia, na pia ndipo litakapokuchoma kila unapopanda mlima. Inama vilevile kwa vidole vya mguu, goti likigusa chini kama unayelenga shabaha. Mkunjo wa pili uko hapo, nyuma ya vidole. Usikae juu ya kifundo cha kidole gumba.

Sasa ivue, uingize mkono ndani mpaka kwenye mkunjo. Je, kitambaa cha ndani kimeshikana na mpira, au kinacheza? Kitambaa kinachocheza kitajikusanya kikilowa, na mkusanyiko huo ni kama kutembea na jiwe. Kagua pia ambapo soli inakutana na mwili wa buti, pande zote mbili za mkunjo wa vidole. Ukiona uwazi hata wa unene wa ukucha, acha.

Hatua ya sita: soli, na chuma ndani yake

Meno ya soli, au kashata kama wanavyosema watu wa matairi, yawe na nafasi pana kati yake. Meno yaliyobanana hujaa udongo mweusi baada ya hatua chache, ukabaki unateleza na kilo ya tope kwenye kila mguu. Kisigino kiwe na ngazi, yaani kiwe kimeshuka kuliko sehemu ya kati, ili kikushike unapoteremka ukingo wa mto.

Utakuta nyingine zimeandikwa S5 ubavuni au kwenye soli. Hizo ni za viwandani na ujenzi: zina kofia ya chuma kwenye vidole na bamba la kuzuia misumari chini ya unyayo. S4 ina kofia bila lile bamba. Zenye O5 zinakaribiana na S5 ila hazina kofia ya vidole. Bamba ni kitu cha maana sana ukipita kwenye mianzi iliyofyekwa au vichaka vilivyoungua, ambako visiki vimechongoka kama mikuki. Kofia ya chuma, kwa anayetembea, ni mzigo: unapoteremka vidole vinaigonga, na buti linazidi uzito. Kwa hiyo O5 ikipatikana ichukue bila kusita. Ukikosa, S5 ivae askari wa doria anayepita kwenye visiki kila siku. Mwindaji wa wikiendi achukue buti la kawaida lenye soli nene na atazame anapokanyaga.

Uzito wenyewe upime. Duka la Mtwara halikosi mizani, au jirani yake anayo. Jozi ya kawaida huwa karibu na kilo mbili. Ikizidi hapo sana, fikiria ukiinua mzigo huo hatua kwa hatua tangu alfajiri.

Urefu na rangi

Chukua ndefu, zinazofika chini kidogo ya goti. Fupi za nusu muundi zinafaa bustanini. Hoja kubwa ni nyoka. Kifutu halikimbii mtu. Linatulia kwenye majani mpaka likanyagwe, na linauma chini, mguuni na kwenye kifundo. Gambuti nene, isiyobana muundi, inaweka mpira na nafasi ya hewa kati ya jino na ngozi. Si ngao ya hakika, kwa hiyo anayeumwa akimbizwe hospitali mara moja, bila kuchanjwa wala kufungwa kamba.

Rangi ni jambo ambalo kusini lina uzito wake. Mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi kwa sababu mbung'o huvutwa na rangi hizo. Ukivaa gambuti nyeusi au za bluu ndani ya Liwale umejigeuza mtego. Nyeusi pia hunyonya jua. Kijani iliyokolea au kahawia ndiyo inayofaa. Na usinunue zenye mabaka kama ya jeshi, hata kama picha za wawindaji wa nje zimejaa hizo: hapa kwetu raia haruhusiwi kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na mwaka 2023 JWTZ liliwataka wote waliokuwa nayo wayasalimishe.

Ukinunua mtumba

Kwenye mitumba wakati mwingine hutokea jozi ya mpira wa asili kutoka Ulaya ambayo dukani usingeiona. Ikague kwa subira. Vuta mpira kwenye mkunjo kwa vidole gumba viwili, uutanue. Nyufa ndogo ndogo zikifunguka kama ardhi iliyokauka, mpira umezeeka kwa hewa na hakuna dawa. Soli ikiwa ya PU, ile nyepesi yenye povu ndani, ibonyeze kwa ukucha kwenye kona: zilizokaa miaka mingi stoo humung'unyuka kama mkate mkavu, na unyevu wa pwani huzimaliza. Kisha omba ndoo, jaza buti moja moja maji mpaka kifundoni, lisimamishe juu ya karatasi kavu au sakafu kavu wakati mnaelewana bei.

Hata kwenye buti jipya la kalibu, geuza soli utafute kiduara kidogo chenye namba 1 hadi 12 na mshale. Mshale unaonyesha mwezi wa kutengenezwa, na tarakimu mbili zilizo kati ni mwaka. Jozi iliyokaa rafuni miaka mitano kwenye kibanda cha bati si mpya tena, hata kama ina lebo yake.

Soksi na suruali

Soksi za pamba hulowa jasho na kubaki zimelowa. Soksi ndefu za mpira wa miguu, zile za nailoni, zinapatikana kila mji na zinafanya kazi nzuri, hasa ukivaa nyembamba ndani yake ili soksi zisuguane zenyewe badala ya kusugua ngozi. Ziwe ndefu kuliko buti. Soksi fupi itashuka mpaka kwenye unyayo. Beba jozi kavu kwenye mfuko wa nailoni, ubadilishe mchana mnapopumzika.

Suruali ndani au nje? Kwenye mvua na umande, nje, kwa sababu maji yanayoteremka kwenye suruali iliyochomekwa yanaingia moja kwa moja ndani ya buti. Penye siafu, upupu na kupe, ndani, na ufunge kamba. Ukivuka Ruvuma kwa mtumbwi, zivue kabisa. Gambuti iliyojaa maji inaufanya mguu kuwa mzito wakati unapohitaji kupanda ukingo haraka, na mto ule una mamba.

Kabla ya safari ya kwanza, vaa jozi mpya siku chache ukifanya kazi za nyumbani au shambani. Penye kuuma patajulikana ukiwa karibu na mlango wako.

Kutunza na kuziba

Zioshe kwa maji baridi kila ukirudi, hasa kama ulipita kwenye mikoko au mashamba ya chumvi. Toa soli ya ndani, ikauke peke yake. Jaza karatasi za gazeti, zibadilishe zikilowa. Zikaushe kivulini, zikiwa zimegeuzwa juu ya vijiti viwili vilivyochomekwa ardhini. Zisiwe juu ya bati wala karibu na moto wa kambi. Joto la moto hubambua kile kilichobandikwa. Mafuta ya nazi, ambayo watu hupaka ili zing'ae, yanalainisha na kuvimbisha mpira wa asili. Mafuta ya taa na petroli ni hivyo hivyo, tena kwa haraka. Asubuhi, kabla ya kuingiza mguu, zigonge kisigino kwa kisigino na uzikung'ute: nge na tandu wanapenda giza lile.

Zikitoboka, faida ya mpira wa asili ndiyo hii: fundi baiskeli yeyote, awe Mtama au Nangurukuru, ataziba. Sehemu ioshwe na ikauke kabisa, isuguliwe kwa msasa mpaka mng'ao wake uondoke, ipakwe solusheni nyembamba, isubiriwe mpaka isinate kidoleni, ndipo kiraka cha tyubu kibandikwe na kupigwapigwa. Kiraka kiwe cha duara, kwa kuwa pembe ndizo zinazoanza kubanduka. Kwenye PVC solusheni hiyo hiyo itabanduka siku hiyo hiyo. Gundi ya mabomba inashika, lakini inakauka ngumu, na ikiwekwa kwenye mkunjo inavunjika na kupanua tundu.

Tundu la shingoni au ubavuni linazibika mara nyingi. Ufa wa kwenye mkunjo unaweza kuzibwa ili ufike nyumbani, usipange safari nyingine kwa kuutegemea. Hapo kata shingo ya buti lile uihifadhi. Ni mpira mzuri, na viraka vya jozi inayofuata vitatoka humo.